Dawa Isiyofunguliwa Nyumbani kwa Mama Enock

Asubuhi nyumbani kwa Mama Enock hapa Katoro ilikuwa nzuri kuiona. Martina, ndilo jina lake, anapepeta mchele, mumewe Donatus anafunga buti zake za machimboni, na kijana wao Enock anafuta bodaboda yake taratibu kama anamfuta mtoto maziwa mdomoni. Nikipita, kijana ananiamkia Kisukuma, "Mwangaluka, mayu!" halafu anaongeza, "Shikamoo mama," kusudi nimjibu mara mbili. Nasema haya, wazazi wenzangu, mjue kwamba nyumba ninayoisimulia haikuwa ya wahuni.

Kisha akaja Wiliam. Huyu ndiye mwenye duara, lile shimo la dhahabu alilokuwa anachimba Donatus. Mtu wa gari na maneno matamu. Alikuja na kifurushi kimeviringishwa kwa kaniki, kimefungwa kamba nyekundu.

"Mama Enock, hii ni dawa ya duara. Mganga amesema ilale nyumba ya mwanamke mtulivu. Isifunguliwe. Mtu akiifungua, dhahabu inakimbia na mkono wake unakauka."

"Mbona isilale kwako?"

"Kwangu kuna kelele," Wiliam akacheka. "Kwani wewe hutaki duara la mumeo liteme dhahabu?"

Jamani, sisi wa huku tunajijua. Wachimbaji wengi hawashuki shimoni bila dawa, na dawa ya mwenzio huigusi wala huulizi. Ukiikuta njiani unaizunguka. Wiliam alilijua hilo vizuri kuliko sisi wenyewe. Martina akakisukuma kifurushi chini ya kitanda. Baadaye Wiliam akamtuma Enock akipeleke Masumbwe kwa pikipiki, kikaja kingine, na kingine. Donatus akafanywa msimamizi wa duara. Nyumba ikaezekwa bati jipya, tukawapongeza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Martina alijua. Siku ya kwanza hakujua, lakini alijua mapema. Aliniambia mwenyewe, analia mpaka kanga inalowa. Alikuwa anafagia, akaona fundo la kamba siyo lile alilolizoea. Akakinyanyua kifurushi, akakiona chepesi. Sakafuni palikuwa na unga kidogo, rangi ya kahawia iliyopauka, na haukuwa unga wa ugali. Akaufagia, akaumwaga nje, akarudi kwenye mchele wake.

Na wakati huo mwanawe alikuwa ameanza kusinzia juu ya sahani ya chakula. Anajikuna. Bodaboda imejaa matope.

"Enock, unaumwa?"

"Uchovu tu, mama. Barabara mbaya."

"Barabara ndiyo inakuwasha hivyo?"

Kijana akacheka. Mama naye akacheka, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kuinama kuangalia chini ya kitanda.

Ndipo polisi wakaanza msako. Vijana walikuwa wamekutwa wamekufa jirani na makarasha, kule mawe yanakosagwa, na ikasemekana ni unga, yale madawa ya kulevya. Mtaani kwetu alikuja askari anaitwa Thobias, mzaliwa wa Kolandoto, Msukuma kama sisi. Alikuwa na mwenyekiti wa mtaa, Mabula, awe shahidi. Majirani tulijazana mlangoni na dirishani. Thobias akainama, akavuta kifurushi.

"Hiki nini, mama?"

"Dawa ya duara, afande. Haifunguliwi. Ukifungua mkono unakauka."

Mabula akarudi nyuma mpaka kizingitini. "Afande, mimi nina ng'ombe wa kukamua. Mkono wangu nauhitaji."

"Mwenyekiti mzima unaogopa?"

"Naogopa wapi! Wewe fungua, mimi nitashuhudia kutoka huku nje."

Watu tukaangua kicheko. Thobias hakucheka. Alikinusa kile kifurushi, akamtazama Martina. Martina akatazama ukuta. Enock alikuwa palepale kwenye kigoda, kope zimemlemea, mdomo wazi. Mama angesema neno moja tu, kijana wake angepona. Hakusema. Askari naye akasimama pale na jasho lake, kisha akakirudisha kifurushi chini ya kitanda, polepole, kama anayelaza kichanga.

"Haya. Twende nyumba nyingine."

Haikupita wiki. Ilikuwa mchana, nikasikia Martina ananiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Enock alikuwa chali, midomo imegeuka rangi, anakoroma kwa mbali, akikoroma anakaa sana ndipo akorome tena. Tukampakia kwenye bajaji, baba yake mbele, mimi nimemshika kichwa.

Zahanati tulimkuta nesi Philomena. "Ametumia nini?"

"Ana homa," Martina akasema. "Malaria, tangu jana."

"Mama, nakuuliza tena. Mboni za macho yake zimekuwa kama ncha ya sindano. Ametumia nini?"

Martina akamwangalia mumewe. Donatus akatikisa kichwa, kidogo sana, lakini mimi nilimwona.

"Malaria," akarudia.

Wakampima malaria, hamna. Wakamtundikia dripu. Saa inakwenda. Enock akavuta pumzi, ikakawia nyingine, ikakawia, mpaka mama akawa anavuta pumzi yeye kana kwamba anamsaidia. Ndipo akapiga kelele, "Ni unga! Ni unga, nesi! Uko chini ya kitanda changu!"

Philomena hakumgombeza. Alikimbilia kifaa cha kumpulizia hewa, akapulizia bila kupumzika mpaka gari la wagonjwa lilipokuja. Hospitali kubwa walimchoma sindano ya kuvunja nguvu ya unga, akafumbua macho. Lakini daktari alisema ubongo ulikaa mno bila hewa. Mkono wa kulia ukabaki umekunjamana, na akili ikarudi utotoni.

Thobias alikuja wodini, kofia mkononi. "Mama, hata mimi nilinusa siku ile. Niliogopa mkono wangu."

"Mkono wako mzima?" Martina akamuuliza.

"Mzima."

"Wa mwanangu huu hapa. Hata kijiko haushiki."

Askari akalia mbele ya wagonjwa. Kisha akasema amekuja kuchukua maelezo. Donatus akamvuta mkewe pembeni, nikasikia anamnong'oneza, "Usijitaje. Sema Enock ndiye aliyekileta kifurushi. Kwa hali hii hawawezi kumfunga."

Martina akamtazama mumewe kama hamjui. "Nilimnyamazia akiwa mzima. Sasa nimsingizie akiwa hivi?"

Akasema yote. Akamtaja Wiliam, akajitaja yeye. Wiliam alikamatwa njia ya Masumbwe na kifurushi kingine cha kaniki kwenye gari, naye akalia kwamba ni dawa, isifunguliwe. Safari hii Thobias aliifungua mwenyewe. Wiliam amefungwa. Martina naye amefungwa, na mahakamani hakuomba apunguziwe. Thobias aliwaeleza wakubwa wake alichokiacha siku ile chini ya kitanda. Sijui walimfanyaje, hayupo tena Katoro.

Donatus ameacha duara. Anamlisha kijana wake uji, anamfuta mdomo. Kila siku Enock anamuuliza, "Mama yuko wapi?"

"Ameenda gulioni."

"Aniletee muwa."

Juzi nilishindwa kuvumilia, nikanunua muwa, nikaumenya, nikampelekea. Akaushika kwa mkono wake mzima, akautazama, akanirudishia.

"Nataka wa mama," akasema.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mila ni yetu na sizitukani. Ila mwovu akishajua tunachokiogopa, huficha uovu wake humohumo. Kitu usichoruhusiwa kukiangalia, kisilale nyumbani kwako, hata akikileta anayekulisha. Mtoto akibadilika, usikubali jibu la kwanza. Ukifika kwa nesi, sema ukweli mlangoni, maana pale anapiganiwa mwanao, haki ya polisi itafuata baadaye. Nanyi askari, mmepewa nguo zile ili mfungue tusivyothubutu kufungua. Na sisi tuliocheka dirishani tusijione wema. Wote tulimwona Enock pale kwenye kigoda. Ninao watoto wanaolala chumba cha pili, na tangu siku ile nainama kuangalia chini ya kila kitanda. Nanyi inameni.