Mstari wa Tatu

Hakuna aliyemtarajia rubani katika duka la vitambaa la Meena, mjini Kisii, mchana wa siku ya soko. Aliingia kinyumenyume. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooka, koti la bluu lina mistari mitatu ya dhahabu kwenye kila mkono, na kofia ameishikilia nyuma kama mtu anayeficha zawadi. Wanawake waliokuwa wakipimiwa vitenge wakageuka.

"Fundi ni nani hapa?" aliuliza.

Bochaberi alisimamisha cherehani yake kule barazani. "Ni mimi. Unaficha nini?"

"Suruali imechanika. Mlango wa ndege umeinasa, na saa nane naruka kurudi Nairobi."

"Pole. Nenda nyuma ya pazia uivue."

"Halafu nivae nini?"

Meena mwenye duka, ambaye Kigusii chake kilikuwa safi kuliko cha wateja wake wengi, alimrushia leso ya maua mekundu. "Hiyo itakutoa vizuri, kapteni."

Duka zima likacheka, na rubani akacheka pia. Akaketi kwenye kigoda akiwa na koti juu na leso chini, akajitambulisha: Mose Onchiri, mzaliwa wa Masimba, rubani msaidizi wa ndege inayotua uwanja wa Suneka mara tatu kwa wiki.

"Nilidhani marubani wana suruali kumi," Bochaberi alisema, sindano mdomoni.

"Tuna mbili. Ya pili iko kwenye kamba ya kuanikia."

Alipopewa suruali aliigeuza huku na huku akitafuta ule mpasuko. "Umeenda wapi?"

"Umetangulia Nairobi."

Baada ya hapo vifungo vya Mose vilianza kukatika kwa bidii ya ajabu. Jumanne kimoja, Alhamisi viwili.

"Hiki kimekatwa kwa wembe," Bochaberi alimwambia siku moja, akikiinua kwenye mwanga. "Naona uzi."

"Fundi, wewe shona tu."

"Ukitaka kuniona, niambie unataka kuniona. Vifungo havina kosa."

"Nataka kukuona."

Alishona kile kifungo bila kuinua kichwa, maana uso ulikuwa umemchemka. Jioni ile alipofika nyumbani kwao Nyaramba, simu iliita kabla hajavua viatu. Walizungumza mpaka betri ikaisha.

Ilikuwa miezi minane ya raha. Kisha, siku moja ya Jumanne, Mose aliingia dukani ameinamisha kofia.

"Kwarara inafungiwa kazi," alisema. Kwarara ndiyo kampuni ndogo iliyomwajiri.

"Lakini ndege yenu si ya lile shirika kubwa? Jina lao limeandikwa ubavuni."

"Jina ni lao na tiketi ni zao. Wanaorusha ni sisi. Ni kama wewe hapa: mteja anaingia kwa Meena, nguo inashonwa na Bochaberi. Sasa wameamua kurusha wenyewe, na marubani wao."

"Na fundi wa barazani?"

"Ataingizwa ndani, ila aanze upya. Kule kila mtu ana namba kulingana na siku aliyoandikwa. Namba yako ndiyo itakayosema lini utakuwa kapteni, lini utapata likizo, kama utaonja Jumapili. Ukishapewa, ni yako mpaka ustaafu."

Bochaberi alitaka kumwuliza zaidi, lakini simu yake iliita. Alikuwa mama yake, Nyamoita. Mikono ilikuwa na kazi, akaiweka kwenye spika juu ya meza ya cherehani.

"Yule kijana wa ndege yuko hapo?" sauti iliuliza. "Mwambie mimi sijamwona. Nakusikia wewe tu usiku ukicheka peke yako."

"Mama, anakusikia."

"Vizuri. Kijana, unakuja lini? Jumamosi sitaki, ni Sabato, tuko kanisani. Njoo Jumapili."

Mose aliisogelea simu kwa heshima, utadhani mama mwenyewe ameketi pale mezani. "Jumapili ya mwisho wa mwezi, Mama. Hata mvua inyeshe."

"Unakunywa uji wa wimbi? Ule uliochacha kidogo?"

Bochaberi alimwona akimeza mate kwa shida. "Mabakuli mawili, Mama."

Alhamisi kabla ya Jumapili ile, Mose alikuja amevaa koti lake. Bochaberi alilipokea kulipiga pasi, kama kawaida yake. Pasi ilipofika kwenye mkono wa kulia, ikasimama.

Mistari ilikuwa miwili. Pale palipokuwa na wa tatu kulikuwa na tundu lililoshonwa kwa uzi mweusi, mshono unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, na mwisho wake fundo kubwa kama punje ya hindi. Mkono wa kushoto ulikuwa hivyohivyo.

Alijua kusoma mishono. Fundi wa kulipwa hashoni hivi. Mtu anayeshona vibaya namna hii, na bado akakubali kushika sindano, anashona kwa sababu ya mapenzi.

"Nani amekushonea?" aliuliza polepole.

Mose alitazama sakafu. "Mtu tu."

"Mtu ana jina."

"Bocha, tuyaache. Ni jambo dogo."

"Miezi minane kila kifungo chako kimepita hapa." Alilikunja koti, akamkabidhi. "Jumapili usije. Mwambie huyo mtu akupikie uji."

"Si hivyo unavyofikiri."

"Basi sema ilivyo."

Mose akavaa koti, akatoka. Meena, aliyekuwa akikunja vitambaa umbali wa hatua mbili, alitikisa kichwa mpaka bangili zikalia.

Simu iliita jioni ile mara nne, Ijumaa mara sita. Bochaberi hakuipokea. Jumapili asubuhi alimwambia mama yake mgeni haji. Nyamoita alimsikiliza, kisha akaendelea kuchambua mboga zake za chinsaga.

"Wewe ulimkataza," alisema. "Mimi sijamkataza."

Saa sita Mose akatokea, akipanda kijia kati ya michai, viatu vimejaa udongo mwekundu, koti begani. Bochaberi alisimama mlangoni na gauni lake la njano ambalo, kwa mtu asiyetarajia mgeni, lilikuwa limepigwa pasi vizuri mno.

"Nilikwambia usije."

"Uliniambia. Lakini niliyemwahidi ni mama."

Nyamoita alimkaribisha, akamketisha, akaleta uji. Bochaberi hakuketi.

"Jina la huyo mtu," alisema.

Mose aliweka bakuli chini. "Mose Onchiri."

"Usinichezee."

"Walisema wote tunaotoka Kwarara twende na mistari miwili. Sisi ni wa chini sasa. Wewe ulinijua na mitatu, nikaona aibu kukuletea uutoe mmoja. Nikaukata mwenyewe, nikakata na kitambaa. Sindano imenidunga mara saba."

Bochaberi alikwenda ndani, akarudi na sindano, uzi mweusi na kipande cha kitenge. "Shona."

Alishona mbele yao, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Mshono ulipanda, ukashuka. Alipomaliza alizungusha uzi mara tano, akavuta kwa meno, na likatokea fundo kubwa kama punje ya hindi.

Nyamoita alijifunika uso na kanga, mabega yakamtetemeka kwa kicheko. Bochaberi alijaribu kukaza uso, akashindwa.

"Mpenzi," alisema, "ndege unairushaje na mikono hii?"

"Ndege haina tundu la uzi."

Bochaberi aliketi karibu naye, akaliweka koti magotini mwake. Wakati huo simu ya Mose iliwaka mezani. Ulikuwa ujumbe wa rafiki yake Lewis, na Bochaberi aliusoma kabla Mose hajauwahi: *Tumeandikishwa asubuhi hii. Nafasi yako ya sita amepewa mwingine. Ukija kesho ni namba 41, ya mwisho.*

Aliusoma tena. "Ilikuwa leo? Mose, ulijua?"

"Nilijua."

"Namba ni mpaka ustaafu. Ulisema hivyo mwenyewe."

"Nilisema."

"Utakuwa kapteni ukiwa na mvi. Jumapili hutazipata. Ungenipigia—" Akakumbuka simu kumi alizoziacha ziite.

"Jumapili zitakuwa chache," Mose alisema. "Nikiipata yoyote, nitakuwa kwenye kiti hiki. Siku moja nitakuja na wazee wa Masimba, kama fundi atakubali kunishonea na koti la siku hiyo."

"Atakubali," Bochaberi alisema, sauti ndogo. "Sindano tu usiiguse."

Mose aliigeuza simu kifudifudi. Akanywa uji mpaka chini, machozi yakamtoka kidogo kwa ule uchachu, kisha akamnyooshea Nyamoita bakuli tupu kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "bado moja."