Pumzi za Refa Elisha

Elisha alikuwa na kazi mbili. Siku za kazi alipakia na kupakua kreti katika ghala la soda pale Kizota, Dodoma. Jumamosi na Jumapili alikuwa refa wa mpira. Ghala lilimpa mshahara. Urefa ulimpa heshima. Akipita mtaani na kaptula yake nyeusi, watu walimwita, "Refa! Refa!" Naye aliinua mkono juu kama anayeonyesha kadi nyekundu, wote wakacheka.

Ilikuwa mwaka 2001. Maduka yalikuwa yamejaa. Sukari, mafuta na sabuni, ambavyo zamani watu walivipangia foleni, sasa vilipangwa rafuni mpaka karibu na dari. Elisha alipenda maisha hayo mapya. Asubuhi alikunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, akala mkate mweupe na siagi ya kopo. Mchana alikula chipsi mayai. Pale ghalani alikunywa soda, tatu au nne kwa siku, maana wafanyakazi hawakunyimwa. Jioni alitaka nyama ya kukaanga.

Mkewe, Anitha, alikulia kijijini upande wa Bahi. Siku moja alipika ugali wa uwele na mlenda. Elisha alifunua bakuli, akalifunika tena.

"Mama Lydia, hiki ni chakula cha mwaka wa njaa," alisema. "Sisi sasa ni watu wa mjini."

Anitha alimpa Lydia, binti yao, akala naye mpaka sufuria likang'aa.

Tangu utotoni Elisha alikuwa na pumu. Ilimjia mara mojamoja tu. Lakini mwaka huo ilibadilika. Alfajiri alikohoa. Akipanda ngazi za ghala, kifua kililia kama filimbi ya mbali. Tumbo nalo lilikuwa limetangulia mbele. Anitha alipouliza, jibu lilikuwa lilelile.

"Ni vumbi la Dodoma tu."

*

Jumapili moja ya mwezi wa nne, mafundi gereji wa Kizota walicheza na wafanyabiashara wa mifugo kutoka Chemba. Uwanja ulijaa watu. Dakika ya themanini, timu zilikuwa sare. Mpira ulipigwa langoni kwa Chemba, na beki wao akaudaka kwa mikono miwili kama kipa. Kila mtu aliona. Elisha pia aliona. Alikimbia, akaweka filimbi mdomoni, akapuliza.

Filimbi haikulia.

Akapuliza tena. Hewa haikutoka. Beki akautupa mpira chini, akaupiga mbele, na watu wa Chemba wakaenda kufunga bao.

"Refa! Refa amelala!" watu walipiga kelele. "Refa kanunuliwa!"

Elisha alitaka kusema, lakini maneno yanahitaji pumzi. Alipiga magoti katikati ya uwanja. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Hapo ndipo nahodha wa mafundi alipoelewa. "Acheni kelele! Mtu anakufa huyu!"

Walimpakia kwenye pikapu, wakamkimbiza zahanati.

Tabibu wa zamu alikuwa Bi Nasma, mama wa makamo, mzaliwa wa mjini Dodoma. Hakupoteza muda. Alimketisha wima, akamvutisha dawa kupitia mdomoni, tena na tena. Baada ya nusu saa kifua kilifunguka. Anitha alifika mbio, kanga begani, viatu mkononi.

"Yu hai, mama," Bi Nasma alimwambia. "Lakini leo ameponea chupuchupu."

Elisha aliinamisha kichwa. Hakuumizwa na kifua peke yake. Lile neno la "kununuliwa" lilikuwa bado linamchoma.

*

Siku ya tatu, Mzee Bartolomayo, mwenyekiti wa marefa, alikuja nyumbani.

"Shikamoo, mzee," Elisha alimwamkia.

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Nina nafuu."

Mzee alivuta kiti, akaketi. "Mwanangu, najua hukununuliwa. Nimewaeleza hivyo. Lakini refa asiye na pumzi hawezi kulinda mchezo. Wala hawezi kujilinda yeye. Mwezi wa tisa kuna jaribio la mbio. Dakika kumi na mbili, mizunguko sita na robo tatu ya uwanja. Ukishinda, unaendelea. Ukishindwa, utanirudishia beji."

Alipoondoka, Elisha alibaki akiangalia mlango. "Miezi mitano," alisema. "Mimi hata kwenda dukani nahema."

"Kesho tunarudi kwa Bi Nasma," Anitha alijibu. "Tena nakwenda na wewe, maana wewe mwenyewe utamwambia ni vumbi."

*

Bi Nasma aliwakaribisha, akamwuliza Elisha maswali mengi. Analala vipi? Anakohoa lini? Jikoni kuna moshi? Mwisho akauliza, "Jana ulikula nini?"

Elisha akacheka. "Bi Nasma, mimi naumwa kifua, siyo tumbo."

"Nijibu tu, baba."

Elisha alitaja. Chai, mkate, chipsi, soda nne, nyama ya kukaanga.

"Na mboga za majani?"

Anitha alijibu kwa niaba yake. "Wiki iliyopita, bibi. Alikula kachumbari iliyokuja na chipsi."

Bi Nasma alichukua karatasi, akachora mrija mpana. Ndani yake akachora mwingine mwembamba.

"Hii ni njia ya hewa kwenye mapafu," alieleza. "Kwa mtu asiye na pumu, iko wazi. Kwa mwenye pumu, ukuta wake umevimba kwa ndani, kama koo linavyovimba ukipata mafua. Juu ya uvimbe kuna makohozi mazito. Vumbi, moshi au baridi vikigusa hapo, njia inajibana. Wewe Elisha, hata siku usiyokohoa, uvimbe upo."

"Sasa chakula kinaingiaje humo?"

"Kinaingia kwa njia ya damu. Mwili una namna yake ya kuwasha uvimbe na ya kuuzima. Soda nyingi, sukari nyingi na vya kukaanga kila siku husaidia kuuwasha. Mafuta ya tumboni nayo hayakai bure. Yanachochea uvimbe mwilini, na yanasukuma mapafu kutoka chini yasijae vizuri. Sasa mboga za majani, matunda, samaki, kunde na nafaka isiyokobolewa vinasaidia kuutuliza. Wataalamu wameona kwamba wenye pumu wanaokula hivyo, wengi wao hupumua vizuri zaidi."

"Sostenes kazini ameniambia niache samaki na mayai. Ati vinaleta pumu."

"Umewahi kula samaki ukabanwa?"

"Hapana."

"Basi kula. Chakula unakiacha kama wewe mwenyewe kinakudhuru, siyo kwa sababu ya maneno ya watu."

Anitha alikuwa akihesabu kwa vidole. "Mlenda, majani ya kunde, ubuyu, uwele. Bibi, hivyo vyote kwetu vipo!"

"Vipo, tena vizuri," Bi Nasma alisema. Kisha akaweka mezani makopo mawili madogo ya dawa ya kuvuta. "La bluu ni la kufungua kifua ukibanwa, na kabla ya kukimbia. La kahawia ni la kutuliza uvimbe. Hili utavuta kila siku, asubuhi na jioni, hata ukiwa mzima. Ukimaliza, suuza mdomo."

*

Mwanzo ulikuwa mgumu. Siku ya kwanza bila soda, Elisha aliumwa kichwa. Siku ya pili aliona mlenda ukivutika kama gundi, akafumba macho akameza. Siku ya tano aliomba aongezewe.

Anitha alipanga mambo yake. Jiko la mkaa alilitoa nje, moshi usiingie ndani. Chai ilipungua sukari kidogo kidogo, mpaka kijiko kimoja. Asubuhi uji wa uwele na karanga. Mchana Elisha alibeba chakula kutoka nyumbani: ugali wa dona, maharage, mchicha. Ijumaa Shaban, mchuuzi wa samaki wa bwawa la Mtera, alipita na baiskeli, na Anitha akachukua perege wabichi akawachemsha na nyanya na vitunguu. Badala ya soda, Elisha alikunywa maji, au ubuyu uliokorogwa bila sukari.

Ghalani walimcheka. "Mtu wa soda hanywi soda!" Sostenes alisema. "Ni kama muuza nyama asiyekula nyama."

"Nyie chekeni," Elisha alijibu. "Mimi nina jaribio."

Jioni alitembea kutoka Kizota kuelekea reli na kurudi. Baada ya wiki tatu alikuwa akikimbia kidogo na kutembea kidogo. Kufika mwezi wa sita, mkanda wake ulihitaji tundu jipya. Alilala usiku kucha bila kukohoa.

Hapo ndipo alipokosea. Alijiona amepona. "Chakula kimenitibu," alijisemea, akaliweka lile kopo la kahawia kabatini. Wiki mbili zikapita. Mwezi wa saba ukaingia na upepo wake mkavu wa baridi. Asubuhi moja, akiwa anakimbia, kifua kilibana ghafla. Alivuta dawa ya bluu, akasaidika, lakini alirudi nyumbani akiwa ameshika kuta za watu.

Alirudi zahanati, na safari hii Bi Nasma hakutabasamu.

"Nani alikuambia uache dawa?"

"Niliona mlenda umefanya kazi, Bi Nasma."

"Nisikilize vizuri, tena na mkeo asikilize. Hakuna mboga inayoponya pumu. Hakuna tunda linalofungua kifua kilichobana. Dawa ndiyo inayoushika uvimbe. Chakula kizuri kinaisaidia dawa, na kupungua uzito kunaisaidia pia. Vinakwenda pamoja. Ukitoa dawa, umetoa refa uwanjani ukabakiza washika bendera."

Elisha alicheka bila kutaka. Mfano ule ulimwingia sawasawa. Tangu siku hiyo kopo la kahawia lilikaa pembeni ya mswaki wake, na Lydia ndiye aliyemkumbusha. "Baba, umevuta?"

Mwezi wa nane alipima uzito zahanati. Alikuwa amepungua kilo tisa. Bi Nasma akampa kifaa cha kupulizia, chenye mshale unaoonyesha nguvu ya pumzi. Mwezi wa nne, alipokipuliza mara ya kwanza, mshale ulisogea kidogo tu. Sasa uliruka mpaka juu. Bi Nasma aliusoma mara mbili.

"Puliza tena," alisema. Elisha akapuliza. Mshale ukafika palepale.

"Haya, nenda kakimbie," Bi Nasma alisema, na safari hii alitabasamu mpaka meno yakaonekana yote. "Anza kwa kupasha mwili moto. Vuta la bluu robo saa kabla. Kopo liwe mfukoni."

*

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, marefa kumi na wanane walijipanga kwenye uwanja wa Jamhuri. Anitha na Lydia walikaa jukwaani na furushi la zabibu, maana msimu wake ulikuwa umeingia. Mafundi gereji wa Kizota walikuja pia. Walikuja kuona kama refa wao ataanguka.

Mzee Bartolomayo alishika saa. "Tayari! Nenda!"

Vijana walichomoka kama swala. Elisha hakuwafuata. Alikimbia kwa mwendo wake, akivuta hewa kwa pua na kuitoa polepole. Mzunguko wa kwanza ukaisha. Wa pili. Wa tatu. Wawili kati ya wale waliochomoka walikuwa sasa wanatembea, mikono kiunoni. Elisha akawapita.

Mzunguko wa tano, nahodha wa mafundi alisimama jukwaani. "Huyu ni yule wa pikapu?"

"Ndiye!" wenzake wakajibu.

"Basi mshangilieni!"

Wakaanza kupiga makofi. Mzunguko wa sita ukaisha. Miguu ilikuwa inauma, jasho linaingia machoni, lakini Elisha alijisikiliza kifuani. Hakukuwa na mluzi. Hakukuwa na kukaba. Hewa iliingia yote na kutoka yote. Alipita alama ya robo tatu. Alikuwa amefaulu, na saa ilikuwa bado na nusu dakika.

Anitha alirusha kanga juu, akapiga vigelegele mpaka walinzi wa getini wakageuka. Lydia alirukaruka pale jukwaani akilitaja jina la baba yake.

"Muda umekwisha!" Mzee Bartolomayo alipaza sauti. "Elisha! Umepita! Beji ni yako, simama!"

Elisha hakusimama. Alipita mbele yake, mikono juu, uso unang'aa, akaingia kona ya kwanza kwa mara nyingine.

"Wewe!" mzee alimwita. "Unakwenda wapi? Jaribio limekwisha!"

Elisha aligeuza kichwa akiwa anakimbia, akajibu kwa sauti kubwa iliyosikika mpaka jukwaani.

"Najua, mzee! Huu mzunguko mmoja ni wa kwangu!"