Waya Usiowasha Testa

Baba wa nyumba hii aliendesha malori miaka thelathini, na mpaka leo watu humwita Gia. Siku hizi anashinda nyumbani. Kitu kikiharibika, yeye ndiye wa kwanza kukifungua. Kukifunga ni habari nyingine.

Nyumba inapata umeme wa njia tatu. Kila njia huitwa fezi. Fezi moja inalisha sebule, ya pili vyumba vya kulala, ya tatu stoo. Stoo ndiko mkewe alikoweka mashine ya kutotolesha vifaranga. Ndani mlikuwa na mayai sitini, na zilibaki siku mbili tu yaanguliwe.

Asubuhi moja stoo ilikosa umeme. Kwingine taa ziliwaka.

"Yakipoa, kazi yangu yote imekwenda na maji," mke alisema. Aliogopa, na hakuficha.

Gia alileta testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo. Akafungua boksi la umeme na kugusa nyaya mbili za stoo. Kitaa hakikuwaka kwenye waya wowote.

"Zote mbili zimekufa," alisema. "Nitaunga mbili zinazowaka, mmoja wa sebule, mmoja wa vyumbani."

Alizima swichi kuu, akaunga, akawasha.

"Jaribu na balbu kwanza, baba," mke alisema. "Mayai yangu si ya kujifunzia."

Balbu iliwaka kwa mwanga mkali mno, kisha ikapasuka. Gia alirudi nyuma hatua tatu. Mke alikwenda kumwita jirani yao, fundi umeme.

Fundi alivaa glavu, akatoa kipimo chake.

"Mzee, umeunga fezi mbili. Tazama. Fezi na nyutro ni volti mia mbili thelathini. Fezi na fezi ni mia nne. Mashine ya mama inataka mia mbili thelathini. Ungeiunguza."

"Lakini waya wa stoo haukuwasha testa."

"Mmoja ni fezi, na leo umeme wake haufiki hapa. Wa pili ni nyutro, njia ya umeme kurudi. Ukiwa mzima, hauwashi testa. Haukufa, mzee. Ndivyo ulivyo."

Gia aliwaza. "Betri mbili za lori, kumi na mbili na kumi na mbili, ni ishirini na nne. Mbona hapa si mia nne sitini?"

"Betri husukuma pamoja. Fezi hupokezana. Umeona watu watatu wakitwanga kinu kimoja? Mchi mmoja ukiwa juu kabisa, mwingine bado haujafika chini kabisa. Kwa hiyo tofauti yao haifiki mara mbili. Lakini mia nne inaua vizuri tu."

Fundi alizima swichi kuu. Alirudisha nyutro mahali pake, akahamishia stoo kwenye fezi ya sebule, akafunga boksi. Kisha akapiga simu kampuni ya umeme kuhusu fezi iliyopotea. Kabla ya mchana mashine ilikuwa na joto lake.

Siku mbili baadaye stoo ilijaa kelele za vifaranga. Lilibaki yai moja, kimya. Gia alilitoa, akaliweka sikioni.

"Hili limekufa," alisema.

Mkewe alimtazama. "Hata kuhusu ule waya ulisema hivyo hivyo."

Gia alilirudisha yai taratibu, akafunga mfuniko. Kesho yake asubuhi kifaranga wa mwisho alitoboa ganda.