Mbiu Nyuma ya Kitambaa

Masika yale Scholastika aliamka amechoka na kulala amechoka zaidi. Kila alfajiri alichota maji bondeni, akapanda mlima na mtungi kichwani, akamsugua bibi yake mgongo kwa ajili ya kikohozi, ndipo akaenda shule ya misheni. Kijiji kizima cha Kinole kilikuwa hivyo hivyo. Askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamewachukua wanaume wengi kwenda kutengeneza barabara, na waliobaki walilima sehemu yao na ya wasiokuwepo.

Ndiyo maana Mwalimu Fransisko aliwapa wanafunzi kazi ya kuandaa mchezo wa vivuli kwa ajili ya sikukuu.

"Watu wamechakaa," alisema. "Watengenezeeni kitu cha kuwasisimua, wasahau maumivu ya miili yao kidogo."

Madirisha ya darasa yalizibwa kwa mikeka, kitambaa cheupe kikatundikwa na taa ikawekwa nyuma yake. Hadithi ilihusu msichana anayerudi kutoka msituni huku kitu kikimfuata. Agustino, mtoto wa Lukasi, mjomba wake Scholastika, alikuwa amekata chui kutoka kwenye ganda la mgomba, na alimpenda kupita kiasi.

"Chui atokee mapema," alisema. "Watu wanataka kumwona."

"Ukimwonyesha mapema, hofu imekwisha," Scholastika alimjibu. "Wamsikie kwanza."

Wamsikie vipi? Walikwaruza ubao, wakavumisha kibuyu. Watoto wadogo walioitwa kutazama majaribio walicheka mpaka wakalaliana. Scholastika aliona uchungu. Macho yalimwasha kwa usingizi, na hakuwa tena na nguvu ya kufikiri. Akatafuta njia ya mkato.

Mchana wa kesho yake alikuja na pembe ya nyati iliyokuwa ikitundikwa ukutani kwa mjomba Lukasi. Hakuomba ruhusa. Mbiu ile ilipigwa kwa jambo moja tu: askari wanapanda mlima, jificheni.

Agustino alirudi nyuma. "Unajua hiyo ni ya nini."

"Mikeka itazuia sauti. Nitapuliza kidogo tu."

Akapuliza. Darasa zima lilitetemeka, na kwa kitambo kifupi alifurahi sana.

Mikeka haikuzuia kitu. Walipotoka nje, majembe yalikuwa yametupwa shambani na vyungu vilichemka bila mtu; wote walikuwa wamekimbilia msituni. Scholastika alikimbia nyumbani. Mama yake hakuwepo, na kitanda cha bibi kilikuwa kitupu. Mvua ilikuwa imeanza.

"Tunyamaze," Agustino alinong'ona. "Kesho watarudi wenyewe. Hakuna atakayejua."

Scholastika alikitazama kile kitanda. Kwa kifua kile, bibi angekesha vipi kwenye baridi ya msituni? Akapanda mlima kuelekea msituni peke yake.

"Mama! Ni mimi! Hakuna askari!"

Kimya. Alijua sababu. Watu wote wa Kinole walifundishwa kwamba mtoto akiita msituni asiitikiwe, kwa kuwa askari waliwahi kuwalazimisha watoto kuita. Walikuwa wakimtazama kutoka nyuma ya miti, naye hakumwona hata mmoja. Hii ndiyo hofu aliyoitafuta siku zote nyuma ya kitambaa, wala haikuwa na utamu wowote. Akaketi kwenye matope.

"Mbiu nimepiga mimi," alisema huku akilia. "Nimeichukua kwa mjomba bila ruhusa. Tulikuwa tunamtafutia sauti chui wa ganda la mgomba."

Kichakani mtu alikohoa, akazibwa mdomo.

"Jamani, niacheni nikohoe!" ilisikika sauti ya bibi. "Askari gani atamfundisha mtoto uongo wa kijinga namna hiyo?"

Watu wakajitokeza, wamelowa. Hakuna aliyempiga, na hilo lilimuuma zaidi. Mama yake, Regina, alimbeba bibi mgongoni akampita akishuka mlima.

Jioni mjomba Lukasi aliitundika pembe mahali pake.

"Sikia, mpwa wangu," alisema. "Ikilia tena, watu watasimama kwanza wajiulize kama ni kweli au mchezo. Wakisimama, watakamatwa."

"Nifanyeje, mjomba?"

"Pita nyumba kwa nyumba. Sema kwa kinywa chako mwenyewe."

Alipita, akianzia nyumba za bondeni hadi za juu kabisa, siku baada ya siku, miguu ikimuuma. Katika kila mlango alipiga magoti, akatoa shikamoo yake na kuahidi kwamba mbiu haitachezewa tena. Wengine walimfokea. Wengine walimpa ndizi. Wote walimsikiliza.

Siku ya mchezo Agustino aliuliza, "Sasa tupige nini?"

"Tusipige kitu. Na chui asionekane kabisa."

Kivuli cha msichana kilitembea, kikasimama, kikaita. Hakuna aliyeitikia. Kikaita tena. Darasani watu walibana pumzi, na mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kanga. Mwishowe mama wa yule msichana alipomjibu kutoka gizani, watu walishangilia kwa sauti kubwa.

Wakishuka nyumbani, mama yake alisema, "Leo umetutisha, na kila mtu alijua atarudi kwake salama. Siku ile hatukujua. Mwanangu, ukitaka kuwatisha watu, tumia akili yako na jasho lako. Kinachowaokoa watu usikiguse."

"Nimekuelewa, mama."

"Haya, nipe mkono. Nimechoka."