Wageni Kwenye Nyumba Iliyotengwa

Mtoto wa Letisia alizaliwa amekufa, na wazee wa Maretadu wakaitenga nyumba ya mama yake, alikokwenda kujifungulia. Matawi yalilazwa kwenye kinjia cha kuingilia. Hakuna wa ndani aliyeruhusiwa kwenda kwa jirani, kuteka maji kwenye chemchemi ya wote, wala kumpa mtu mkono. Wairaqw huiita mila hii metimani. Siku hizi zipo familia zisizoishika, lakini majirani wale waliishika, na ukiishi katikati ya wanaoshika, nawe unashika.

Basili, kaka yake Letisia, alikuwa amekuja kumwona dada yake, akafungiwa humo humo. Na Jumamosi ile Zulfa, mpenzi wake, alitakiwa kuleta Wazungu palepale.

Walikuwa wamekutana Katesh, kituo cha mabasi, siku ya mnada, ng'ombe wakipita katikati ya mabasi na vumbi limesimama kama ukuta. Basili alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu. Zulfa alifika na baibui jeusi na ushungi wa rangi ya ndimu, ameshika simu inayovuja.

"Kaka, hii inatibika?"

"Imekunywa nini?"

"Ziwa Balangida."

"Basi hiyo si simu tena dada. Hiyo ni chumvi ya maharage."

Zulfa alicheka mpaka akaegemea kibanda. Kazi yake ilikuwa kupanga matembezi ya wanafunzi wa kigeni waliokuja kusoma Katesh kwa mpango wa kubadilishana. Aliwapeleka mlimani, aliwapeleka Basotu kuona viboko, na kwenye ziwa lile la chumvi ndiko mmoja wao alikodondosha simu. Basili aliifufua. Baada ya hapo Zulfa akawa anapita kibandani hata simu zikiwa nzima.

Safari ya mwisho ya wageni ilikuwa chakula cha mchana kwenye nyumba ya Kiiraqw. Basili mwenyewe alisema, "Walete kwa mama. Na wewe akuone." Ikienda vizuri, Zulfa angepewa mkataba wa kudumu, na baba yake, mzee Abdulswamad mwenye duka la vitenge, angeacha kumtajia yule mchumba wa Dongobesh.

Alhamisi Basili akapiga simu.

"Mpenzi, Jumamosi isogezwe."

"Isogezwe iende wapi? Wanaondoka wiki ijayo."

"Mama hajisikii vizuri."

"Pole yake. Nije kesho nimwone?"

"Usije."

"Basili, mama anaumwa, au ushungi wangu ndio unamuuma?"

Hapo ndipo angesema. Lakini siku moja Zulfa alimuuliza habari za mila za kwao, naye akacheka akasema hayo yalikufa na babu zake. Sasa amwambie kwamba yeye, fundi simu, amefungiwa kwa matawi?

"Ni mambo ya nyumbani tu," alisema. "Utaelewa baadaye."

"Mimi si mtu wa baadaye," Zulfa akajibu, akakata simu.

Jumamosi wingu lilikaa juu ya vilima tangu asubuhi, jeusi chini, jeupe juu, wala halikusogea. Basili alisikia muziki wa gari kabla hajaliona. Dereva alikuwa mtu wa Singida, hakujua kitu. Wageni waliyaona matawi wakadhani wamepambiwa njia. Wakayapiga picha. Msichana mmoja aliokota tawi akaingia nalo akipunga.

Zulfa alikuwa mbele, gauni la samawati, mkononi mfuko wa sukari na kitenge kipya. Alikuwa amekuja kumshinda mama mkwe kwa adabu. Alipiga goti mlangoni na kumshika mkono Mama Agatha kabla mama hajauficha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu Mama Agatha. Angefanyaje? Mkono ulikuwa umeshashikwa.

Ndani, Letisia alijifunika shuka mpaka kichwani.

Basili alipogeuka, wageni walishateremka bondeni. Wawili walikuwa wananawa chemchemini. Wengine walipita zizini kwa Tomaso, jirani yao, wanawapapasa ng'ombe wake. Alikimbia hadi kwenye matawi akasimama. Kuvuka hakuweza.

"Rudini," aliita. "Rudini huku."

Wakampungia mkono.

Tomaso alikuja na wazee wawili, wakasimama mbali, nje ya kinjia.

"Basili. Huyu msichana ni nani kwenu?"

Basili alipiga hesabu haraka. Akisema mchumba, watasema ni mtu wa nyumba, naye atafungiwa, na kazi yake itakwenda.

"Ni mgeni tu," alisema. "Hatumjui sana. Amepotea njia na watu wake."

Zulfa alikuwa nyuma yake. Aliuweka mfuko wa sukari chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Twendeni," aliwaambia wanafunzi.

Wazee walisema utengo umevunjwa, kwa hiyo uanze upya. Haikupita wiki, ng'ombe wa Tomaso akaharibu mimba. Kisha lile wingu likashuka, mvua ya mawe ikalala juu ya maharage yake. Mvua ya mawe huanguka Maretadu miaka mingi. Ile ilikuwa na jina la yule mgeni.

"Padri atasema ni mvua tu," alisema Basili.

"Padri ana bomba lake," alijibu mama yake. "Mimi nachota wapi?"

Zulfa hakupokea simu. Mwishowe Basili akamtumia ujumbe wa sauti, akasema yote: mtoto, matawi, yeye mwenyewe. Kesho yake simu iliita.

"Kwa nini hukuniambia nilipouliza?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya dada yako kufiwa? Nimeingia nyumba ya msiba na muziki, Basili. Kwetu mtu akifiwa tunakaa naye. Ungeniambia ningekaa hata nje ya hayo matawi."

"Nisamehe, mpenzi."

"Na 'hatumjui sana' je?"

"Nilitaka utoke salama."

"Nimetoka. Salama sijaiona."

Alikuja Jumapili kwa bodaboda, kanga mbili na begi dogo. Alisimama nje ya matawi. Tomaso alikuwa shambani kwake, anang'oa mashina ya maharage yaliyovunjika.

"Shikamoo baba. Siku ile uliuliza mimi ni nani kwao."

"Niliuliza."

"Mimi ni mchumba wa Basili. Lawama yangu isiitwe ya mgeni."

Tomaso alimtazama sana, akarudi kwenye mashina yake.

"Zulfa, ukivuka hapo hutoki mpaka wazee waseme," Basili alimwambia. "Mkataba wako je?"

"Unasainiwa kesho. Umeniposa lini?"

"Bado."

"Basi nipose. Jua linaniunguza."

"Nitakuoa, Zulfa, kwa dini yoyote itakayotupokea."

"Hapo umesema kama mtu," alisema Zulfa, akavuka.

Iligharimu hivi. Matembezi ya wageni alipewa mtu wa Babati. Mzee Abdulswamad alifungasha nguo za binti yake, akazipakia kwenye basi la Mbulu zimfuate, bila ujumbe. Kibanda cha Katesh kilichukuliwa na muuza viatu. Tomaso alikosa ndama na maharage ya mwaka, na hasalimii hadi leo. Mama Agatha alifiwa na ndugu yake kule Mogitu, ndugu akazikwa bila yeye. Na Letisia, ambaye alikuwa amekaribia kutoka, alianza upya kwa ajili yao. Mumewe alisubiri mara ya kwanza. Mara ya pili hakusubiri, akaoa mwingine.