Abiria wa Trela

Shemeji yangu Phineas alikuwa mpuuzi, na sitasema vinginevyo kwa sababu tu hayupo. Mwaka wa 1947, vitu vya jeshi vilipokuwa vikinadiwa baada ya vita, alinunua pikipiki. Akailaza ndani ya nyumba yake pale Mikindani, huku dada yangu Sidi akipika nje mvua ikinyesha. Kila Jumamosi aliipangusa kwa kitambaa laini. Kuiendesha, aliiendesha kwa nadra, maana barabara zina vumbi.

Sidi alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili wachanga. Mimba ya tatu ilipokua, mama yetu alituma neno kwamba huyu azaliwe kwake Kaloleni, mikononi mwake. Phineas alikubali upesi, nikashangaa, mpaka nilipojua sababu. Alitaka wakwe wamwone akiingia uani kwa pikipiki.

Tena hakutaka kuiendesha mpaka huko. "Tutaifunga kwenye trela, Mapenzi," aliniambia. "Tukikaribia nitaishusha. Nitaingia nikiwa msafi."

Basi rafiki yake Wafula, dereva, akaleta gari la mizigo lenye trela nyuma. Sidi na mumewe walikaa mbele pamoja na Wafula. Mimi nilitupwa nyuma pamoja na mabunda, uso kwa uso na pikipiki. Tulitoka Mikindani asubuhi, majirani wakicheka, nami nikacheka nao. Mwanamume ana chombo cha kumbeba, halafu anakibeba yeye.

Tulipopita Mazeras, gogo lililozuia gurudumu la mbele lilipasuka na pikipiki ikalala kwenye ubao wa trela. Phineas alishuka akitukana. Tulikuwa kando ya ganjo, mahali palipokuwa kijiji zamani. Watu wote walikuwa wamehama. Vilivyobaki ni vigango vitatu, ile miti yenye kichwa cha duara na uso wa kuchonga, ambayo wazee wetu husimamishiwa wakifa. Kikishasimama, kigango hakihamishwi. Hata kijiji kizima kikihama, chenyewe huachwa pale pale.

Phineas alizaliwa misheni Rabai na alijua vizuri kile ni kitu gani. Afadhali angekuwa mjinga. Alitaka tu tuone kwamba haogopi mambo ya washenzi, kama alivyotuita. Akakikumbatia kile cha katikati, akakitikisa mpaka kikang'oka.

"Kirudishe, baba," Sidi alisema polepole, mkono tumboni.

"Hizi ni kuni. Kuni zenye pua."

Alimwita Wafula amsaidie. Wafula alitazama kando. "Mimi mgeni huku," alisema. "Hicho sikishiki."

Phineas akakifunga mwenyewe, kimesimama kati ya tandiko na ubao, akaikaza pikipiki kwacho. Tukaondoka. Ule uso ulikuwa unanitazama mimi.

Gari likawa zito. Wafula alibadilisha gia hata mahali pa tambarare. Nikaangalia kamba, nikaangalia magurudumu ya trela. Kisha nikaliona tandiko. Springi zake zilikuwa zinabonyea, taratibu, kama mtu mzima anapokaa na kujiweka sawa. Hapakuwa na mtu.

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, springi zilikuwa bado chini.

Karibu na Rabai injini ilichemka, tukasimama. Mama mmoja aliyebeba maji alitugawia ya kutia kwenye rejeta. Alitusalimu sote. Halafu akapiga goti kidogo, akaisalimu trela.

Alinisogelea. "Mbona mzee wenu mmemweka juani?" alininong'oneza. "Tena mmemfunga kamba."

Kutoka mbele nilisikia Sidi akiniita kwa sauti ndogo.

"Mapenzi. Mtoto hachezi."

"Tangu lini?"

"Tangu pale."

Nilimweleza Phineas yote, la tandiko na la yule mama. Alicheka. Alisema wanawake wa pwani wakikosa kazi huzua habari za majini. Sidi hakubishana naye. Alianza kushuka garini, mguu mmoja baada ya mwingine, akishikilia tumbo. Alisema atakibeba mgongoni, atembee nacho mpaka ganjoni. Hilo ndilo lililomchoma Phineas. Si huruma. Ni aibu ya kuonekana na yule mama wa maji.

"Nitakirudisha mimi," alisema. "Ndipo mtajua ni kuni."

Pikipiki ikashushwa. Akajifunga kigango mgongoni, uso wake nyuma. Akapiga kiki, akaondoka. Jua lilikuwa utosini. Tuliona vichwa viwili vikienda, kimoja kikitutazama sisi.

Walipofika konani, kile cha nyuma kiligeuka kikatazama mbele.

Wafula alikiona. Najua, kwa sababu alinishika mkono.

Tulisikiliza muungurumo ukififia. Kisha ukakatika. Sidi akashtuka, akajishika ubavuni. "Amecheza," alisema, akaanza kulia kwa furaha.

Tulingoja. Hakurudi. Tulimwacha Sidi kwa yule mama, tukageuza gari. Trela ilikuwa nyepesi, ikirukaruka nyuma yetu.

Pikipiki tuliikuta ganjoni, imesimama kwa stendi yake. Injini ilikuwa ya moto. Kigango kilikuwa mahali pake. Udongo ulikuwa mgumu, na nyasi kavu zimekizunguka hadi shinani, kana kwamba hakijaguswa tangu kisimamishwe. Mbele yake palikuwa na buti za Phineas. Kamba zimefungwa. Soksi zimo ndani.

Nikatia mkono. Soksi zilikuwa na joto.

Tulimwita. Mchanga penye buti ulikuwa laini, na haukuwa na alama ya mguu mtupu popote.

Polisi walitafuta, ndugu zake wakatafuta. Mimi nilitangaza kwamba amekimbia ulezi. Ndivyo nilivyotaka iwe. Lingekuwa jambo la kufanana naye, nami ningeendelea kumdharau kwa raha. Sidi aliniamini. Alisema atarudi tu, na kila jioni alimwekea chakula.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume. Baada ya siku chache akaanza kulia. Hakunyonya, hakulala. Kwetu mtoto akilia hivyo, huwa ni mmoja wa koma, wafu wetu, anataka mtoto aitwe jina lake, na likitajwa hunyamaza. Mama alimpakata akataja majina ya wafu wa upande wa baba. Nzai. Akalia. Mramba. Akalia. Garama. Akalia zaidi.

Majina yakaisha. Mama akamwinulia Sidi macho.

"Usilitaje," Sidi alinong'ona. "Yule yu hai."

Sauti ya mtoto ilikuwa inakauka. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Tulikuwa tunampoteza wa tatu. Basi nikalisema mimi, niliyekuwa silitaji jina lile bila kusonya. Niliinama sikioni pake.

"Phineas."

Akanyamaza. Akageuza kichwa upande wangu, akafumbua macho.

Sidi alimchukua, akampa titi. Mtoto alinyonya kwa nguvu. Ndipo dada yangu alipoanza kumlilia mumewe, na jioni ile hakumwekea chakula.