Sukari Kwenye Shati la Kazi

Mimi nina wivu, sifichi. Mume wangu akichelewa kidogo tu, roho inanidunda.

Anafanya kazi kwenye kiwanda cha chuma. Kila siku hurudi akinuka moshi, nami nimezoea. Siku moja nilipokuwa nafua, nikaona sisimizi wamejaa kwenye shati lake. Nikalinusa. Sukari!

"Baba Watoto, nani anakulisha vitamu huko?" nikamuuliza.

Akacheka. "Labda msimamizi wetu. Yule mama anajua kazi, acha tu!"

Yule mama? Dalili ya mvua ni mawingu. Asubuhi nikalitia shati kwapani, nikaenda kiwandani. Mlinzi alinivalisha kofia ngumu, akanipeleka kwenye banda la kuchanganyia. Nikamkuta mume wangu bega kwa bega na mwanamke, wameinamia pipa.

"Dada, utamu huu ni wako?" nikasema, nikamtupia shati.

Akalinusa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ni wa pipa hili, mama. Hii ni molasi, masalia ya kutengeneza sukari."

"Chuma na sukari wapi na wapi?"

Akanionyesha lundo la vumbi jeusi. "Hili linatoka tanurini. Lina chuma kingi. Zamani tulilitupa nyuma ya ukuta, upepo ukalileta majumbani kwenu."

"Si mngelirudisha tanurini?"

"Likirudi hivi hivi, linapeperuka na moshi. Kwa hiyo tunalichanganya na molasi na chokaa, lishikane. Mashine inalibana kuwa vitofali. Vikikauka vinaingia tanurini, vinayeyuka, vinakuwa chuma tena."

"Na visipokauka?"

Mume wangu akadakia. "Maji yakikutana na chuma kilichoyeyuka, yanalipuka. Yanaua. Mimi ndiye ninayepima ukavu wa kila fungu."

Miaka tisa ya ndoa, sikuwahi kumsikia akieleza kitu kwa moyo namna ile. Wivu ukanichoma kuliko mwanzo. Yule mama alijua kazi yake yote. Mimi nilijua harufu tu.

"Mbona mimi huniambii?" nikamuuliza.

"Huniulizi kazi, Mama Watoto. Unaniuliza nilikuwa na nani."

Nikalichukua shati, nikarudi nyumbani kulifua.

Siku hizi lundo la nyuma ya ukuta limekwisha, na nguo zetu zinakauka safi. Akirudi namuuliza, "Vya leo vimekauka?" Ananieleza mpaka chai inapoa. Juzi aliniambia jambo ambalo hata yule mama halijui: kila vitofali vikiingia tanurini, yeye huogopa. Nikamshika mkono.